Sura Tano Ndani ya Kamera

Nimeiweka kamera yangu mpya sokoni na kubaki na ile ya zamani, na wapiga picha wenzangu hapa Nyeri wameshaamua kwamba kichwa changu hakiko sawa. Kwao ni kama mtu auze ng'ombe anayekamuliwa na kubaki na aliyekauka. Wawili wamekuja kunifariji, wakidhani biashara imenilemea. Sijawaeleza kitu. Watu wa kazi hii ukiwaambia jambo leo, Jumamosi linasimuliwa kwenye harusi ya Karatina.

Mama mmoja anayepiga picha za harusi kule Kenol alipanda hadi studio yangu wiki jana kuja kuiona. Ni mtu makini. Alifungua kila kifuniko, akachungulia ndani, akaitingisha kando ya sikio jinsi watu wanavyotingisha parachichi kusikia kama kokwa imeachia.

"Iko na shida gani?" akaniuliza.

"Haina shida."

"Hakuna mtu anauza kamera kama hii kama haina shida. Ilianguka? Iliingia maji?"

"Haijaanguka na haijaingia maji."

"Sasa mbona unauza hii na unabaki na hiyo ingine mzee?"

Nilimwambia ile nyingine nimeizoea. Aliielekeza kamera nje ya dirisha, akampiga picha mwendesha boda boda aliyekuwa akingoja abiria upande wa pili wa barabara, kisha akanionyesha kwenye skrini jinsi jicho la yule mtu lilivyoshikwa sawasawa hata likiwa ndani ya kofia yake ya pikipiki. Alikuwa akinionyesha kama mimi ndiye mnunuzi. Akasema ataenda kufikiria, akashuka ngazi. Najua kule Kenol sasa watu wanaambiwa kwamba kuna mzee Nyeri ana kamera yenye ugonjwa uliojificha. Shauri yake. Kamera ni nzima, na hilo naweza kuliapia popote.

Nitasema tofauti zake, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi mno na nimechoka kujibu nusu nusu.

Zote mbili ni za kampuni moja, zote za kitaalamu, zote ni za kizazi hiki kisicho na kioo ndani, na zote zina kitambuzi kikubwa cha mwanga kile tunachokiita fremu kamili. Asiyejua akiziona mezani atadhani ni mapacha. Ya zamani niliinunua ikiwa imeshatumikia mtu mwingine. Mpira wake wa kushikia umebanduka na nimeugandisha kwa gundi ya viatu. Betri yake huisha kabla mchungaji hajamaliza mahubiri, kwa hivyo mimi hutembea na betri nne, na mwezi wa saba baridi inapouma nazitia mfuko wa ndani wa shati zipate joto langu. Ina nafasi ya kadi moja tu, na kadi hiyo ikifa harusi nzima imekufa nayo. Chini ya hema la bluu huwageuza watu weusi wenye afya kuwa na rangi ya mtu aliyelala na malaria, na nimelaumiwa kwa hilo na akina mama zaidi ya wanne. Ukibonyeza, inalia. Kanisa zima linajua umepiga.

Ile mpya ina betri ya kutoka asubuhi hadi watu wanapokunja viti. Ina kadi mbili, na kila picha inaandikwa mara mbili. Ndani ya kanisa lenye balbu moja, nje kukiwa na ukungu, inaona kuliko mimi. Hailii kabisa usipotaka ilie. Na inashika macho. Unaielekeza tu, kijisanduku kidogo kinaruka chenyewe na kutua juu ya jicho la mtu, na mtu akitembea kijisanduku kinatembea naye. Siku nilipoinunua nilienda kwa mama yangu nikaijaribu kwa ng'ombe wake, na ikalishika jicho la ng'ombe huku anatafuna. Tulicheka sana siku hiyo, mimi na mama. Kwa hivyo sitaki mtu aseme kwamba natetea kitu kikuukuu. Mpya ni bora. Anayesema vinginevyo anaona wivu.

Tena ina jambo moja ambalo ya zamani haina hata kidogo: unaweza kuifundisha sura. Unamsimamisha mtu, unampiga picha uso wake ukiwa umeelekea mbele, unaiambia ikumbuke. Baada ya hapo, mtu huyo akiwa katikati ya umati, kamera inamtafuta yeye kwanza na kuwaacha wengine. Kwenye harusi ni kitu cha ajabu. Unaifundisha bibi harusi asubuhi anaposukwa nywele, na kutwa nzima haimpotezi, hata akizungukwa na shangazi ishirini.

Ya zamani haimjui mtu yeyote. Nyuma ina kitufe kidogo ambacho kidole gumba changu kimekilainisha, na kwa kitufe hicho mimi mwenyewe ndiye ninayeiambia iangalie wapi. Nilikuwa nikihesabu huo kuwa upungufu wake mkubwa.

Baba alikufa mwezi uleule nilionunua hiyo mpya.

Baba alikuwa na nyumba mbili. Nyumba kubwa iko Mukurweini, ya mawe, ukiingia unaiona migomba upande huu na zizi la ng'ombe wa maziwa upande ule. Ya pili ni ya mama yangu, ya mbao, vyumba viwili, ng'ambo ya bonde kwenye kipande cha kahawa cha baba. Ukisimama kwenye moja unauona moshi wa nyingine. Mama alikuja pale akiwa msichana wa kuchuma kahawa, akabaki, akanizaa mimi peke yangu, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kwenda kwao na mbuzi wa mahari. Baba alisema ataenda. Alisema hivyo mpaka baba yake mama akafa, na baada ya hapo hakusema tena.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Mimi nilipozaliwa, nyanya yangu wa upande wa baba alikataa jina la mumewe livuke bonde. Mama akanipa la baba yake yeye. Ndiyo maana hadi leo, na mvi zangu hizi, mama huniita "baba".

Sitasema baba alikuwa mtu mbaya. Alikuja kwetu kila Jumamosi, alinilipia shule, alinifundisha kukata matawi ya kahawa yaliyozeeka. Pale kwenye kiwanda cha kahawa watu walipopanga foleni na magunia yao alinitambulisha kama kijana wake. Kanisani hakunitambulisha. Nililiona jambo hilo nikiwa bado mdogo, nikalizoea, na kulizoea ndiko kulikoniharibu.

Alipokufa, mama hakuwa na karatasi hata moja. Kipande kile kilikuwa kwa jina la baba, na nyumba iliyokuwa juu yake vilevile. Kitu pekee ambacho mama angeweza kukishika kilikuwa mazishi yenyewe. Hapa kwetu kila mtu analijua hilo ingawa hakuna anayelitamka. Anayetajwa kwenye wasifu wa marehemu, anayeitwa kupigwa picha kando ya jeneza, anayetupa udongo na baada ya nani, ndivyo chifu atakavyoiandika barua yake ya warithi, na ndivyo korti itakavyouliza baadaye. Albamu zangu zimepelekwa kortini zaidi ya mara moja. Wakili mmoja aliwahi kunifuata hadi studio kuniuliza kama nakumbuka mama fulani alisimama mkono upi wa jeneza. Kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Siku mbili baada ya kifo, kaka yangu mkubwa wa nyumba kubwa alikuja studio. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini, hajawahi kunitukana maishani mwake. Aliketi kwenye kile kiti cha picha za pasipoti, akaweka kofia yake gotini.

"Tumekaa kama kamati tukaonelea ni wewe utapiga picha," alisema. "Wewe ndio mpiga picha kwa hii familia. Hatuwezi leta mtu wa nje na wewe uko."

Kwa hii familia. Aliyasema maneno hayo mara moja tu, na mimi niliyabeba siku ile nzima kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Sikuwaza kwamba anayepiga picha hapigwi. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, nimetoka kwenye mazishi mia bila kuonekana hata kwenye picha moja, na bado sikuwaza. Niliwaza kamera yangu. Niliwaza jinsi watakavyoiona shingoni mwangu, wale waliokuwa wakipita kando yangu kwenye foleni ya kahawa, na jinsi watakavyopokea albamu na kusema kazi ya huyu kijana ni safi. Mtu mzima mwenye akili zake. Hata leo nikikumbuka naona haya.

Nilipomwambia mama, aliacha kuchambua mboga.

"Na wewe utasimama wapi?" akaniuliza.

"Nitakuwa nazunguka, mama."

"Sawa, baba," akasema, akaendelea na mboga zake.

Asubuhi ya mazishi tulikutana mochari hapa Nyeri kuuchukua mwili. Kaka alinipa ukurasa uliochanwa kwenye daftari, wenye orodha ya watu wa kupigwa picha na mpangilio wao. Juu kabisa palikuwa na mjane, yaani mama yao. Chini yake walifuata kaka mwenyewe, dada wawili, na kitinda mimba wao. Halafu wajukuu, wakwe, ukoo, kanisa, kikundi cha akina mama, na mwisho kabisa majirani na marafiki. Niliisoma ile orodha mara mbili. Mama yangu hakuwemo. Mimi sikuwemo. Niliikunja nikaitia mfukoni, na nikafanya kile ambacho fundi yeyote mwenye kamera ile angefanya: niliwaomba wale watano, mmoja mmoja, wasimame kwenye ukuta mweupe waangalie mbele, nikaifundisha kamera sura zao. Mjane. Kaka. Dada, dada. Kitinda mimba. Walitii vizuri sana. Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, na kitambaa cheusi kichwani, akitazama.

Ile ya zamani ilikuwa kwenye mkoba. Sikuitoa. Ukichanganya kamera mbili, rangi za ngozi hazilingani kwenye albamu, na mimi nilitaka albamu isiyo na doa.

Kule Mukurweini watu walikuwa wengi. Binamu yetu alishika kipaza sauti. Wasifu ulisomwa, na ukisikiliza wasifu ule utadhani baba aliishi miaka themanini na kitu bila kulivuka bonde hata siku moja. Kisha yakaja makundi ya picha. Mjane na watoto. Nikapiga. Wajukuu. Nikapiga. Binamu alipoita "majirani na marafiki", mama yangu aliinuka kutoka kiti cha nyuma, kwa sababu lilikuwa kundi la mwisho na hapakuwa na jingine la kungoja. Alisimama pembeni, nusu yake imefichwa na mtu wa duka la dawa za mifugo. Nikapiga na hiyo pia. Niliwaambia wasogee karibu kidogo waenee. Mama akasogea.

Hapo ndipo ningeiweka kamera chini, kama ningekuwa mtu wa kuweka vitu chini.

Kaburini, mchungaji alimaliza, mjane akatupa udongo, watoto wakatupa mmoja mmoja. Binamu akaanza kuwaita ukoo. Na kabla ukoo haujasogea, mama yangu alitoka peke yake. Hakuna aliyemwita. Alipita mbele ya watu wote na viatu vyake vya kanisani vimejaa udongo mwekundu, akafika ukingoni, akainama, akachota kwa mkono wala si kwa koleo, na akatupa. Mama ni mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, na katika maisha yangu sijamwona akifanya jambo kubwa kuliko lile. Nilijua maana yake mara moja. Alikuwa amejiweka pale pake, baada ya watoto na kabla ya ukoo, na mimi ndiye niliyekuwa na kamera.

Niliinua nikapiga mfululizo, picha kama ishirini, kimya. Kijisanduku kiliwaka rangi yake ya kijani na niliamini. Sikuangalia kimetua wapi. Machozi yalikuwa yamenijaa, na isitoshe mashine hiyo nilikuwa nimeinunua ili nisihangaike kuangalia.

Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma ya mama, upande wa pili wa kaburi.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilizifungua picha kwenye kompyuta ya studio. Zote ishirini zilikuwa za kaka. Kope zake zilihesabika. Tone la mvua lilionekana kwenye ukingo wa kofia yake. Na mbele yake palikuwa na kitu cheusi kilichoinama, laini kama moshi, chenye mkono ulionyooshwa, kisicho na uso. Kamera ilikuwa imeonyeshwa mtu inayemjua na mtu isiyemjua, ikachagua. Ilifanya vile nilivyoifundisha. Ningekuwa na ile ya zamani, hata na gundi yake ya viatu, kidole changu kingepeleka alama kwa mama bila hata mimi kufikiri, kwa sababu ile haina mtu wake.

Nilikaa pale nikazipitia tena na tena, nikitumaini hata moja itakuwa imekosea. Haikukosea hata mara moja, ndivyo ilivyo bora.

Na albamu nikaitengeneza. Naweza kuambiwa mimi ni mjinga na nikubali. Kurasa arobaini, karatasi nzito, jalada la ngozi. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kaka aliipokea kwa mikono miwili, akaipitia yote akiwa amesimama, akasema, "Kazi safi." Nilirudi nyumbani na hayo maneno mawili niliyoyatafuta, na hayakuwa na ladha yoyote.

Miezi kadhaa ikapita, chifu akaita kikao cha kuandika barua ya warithi. Tulikuwa kwenye ofisi yake ya mabati, mchana, mlango wazi. Walikuwepo mjane, kaka, wazee wawili, mama na mimi. Mmoja wa wale wazee alikuwa akinywa chai kwa mama Jumamosi nyingi, yeye na baba, wakibishana juu ya bei ya majani ya ng'ombe. Siku hiyo alikuwa akitazama kucha zake.

Kaka hakupaza sauti. Aliiweka albamu mezani, akaielekeza kwa chifu.

"Hii ndio familia," alisema. "Watu wote wa mzee wako hapa. Angalia polepole."

Chifu alifunua kurasa. Alisifu picha. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, wewe unasema ulitupa udongo kama bibi ya mzee."

"Nilitupa baada ya watoto."

"Kuna mtu aliona?"

Chifu aliwatazama wazee. Mmoja alisema siku ile watu walikuwa wengi. Yule wa chai hakusema lolote, na nilimchukia kwa moyo wangu wote, na bado namchukia.

"Kijana yangu aliona," mama akasema. "Alipiga picha."

Niliitoa kwenye bahasha. Nilikuwa nimeshughulika nayo siku tatu kwenye kompyuta nikijaribu kuurudisha uso, na programu ilikuwa imemfanya mama aonekane mwanasesere, kwa hivyo nikaichapisha jinsi ilivyo. Chifu alivaa miwani. Aliinuka akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Huyu ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Mimi naona mtu ameinama. Uso siwezi kuona. Lakini huyu wa nyuma namwona vizuri sana."

"Chifu, sikatai kuna mama alitupa udongo," kaka akasema, kwa ile sauti yake ya darasani. "Watu wengi walitupa. Hata majirani. Na huyu ndugu yetu, kama ni mtoto wa mzee, yeye kwa hiyo albamu ako wapi? Hata udongo hakutupa. Alikuja kazi, akafanya kazi mzuri, tukamshukuru. Hata jina yake si ya kwetu."

Ni kweli, udongo sikutupa. Mikono yangu ilikuwa na kamera. Nilifungua mdomo kusema kwamba ni yeye aliyenipa kazi ile, na nikaona jinsi nitakavyosikika: mtu mzima analalamika kwamba alipewa kazi. Nilisema tu kwamba kila mtu mle ndani anamjua mama yangu ni nani. Chifu akavua miwani. Hakuwa mkali. Alionekana kama mtu anayetaka kwenda kula.

"Mimi najua mambo mingi," akasema. "Lakini ninaandika kile nimeonyeshwa."

Barua ikaandikwa. Mjane mmoja, watoto wanne. Tumeweka pingamizi kortini hapa Nyeri na tunaitwa, tunarudishwa, tunaitwa tena. Msimu huu kahawa ya mama ilichumwa na watu waliotumwa kutoka nyumba kubwa. Walimsalimia vizuri, wakamwomba maji ya kunywa, naye akawapa.

Siku ile ya chifu tulirudi kwa miguu, mimi na mama, kwa njia ya bondeni. Tukafika mtoni. Pale alisimama kukung'uta jiwe kiatuni, akiushika mkono wangu asianguke.

"Hiyo kamera yako," akasema, "ilijuaje ni yeye inafaa kuangalia?"

Ningeweza kumwambia mashine ilikosea. Mtu yeyote angemwambia hivyo.

"Niliionyesha, mama. Unaionyesha watu wenye unataka ishike."

"Ukaionyesha yeye."

"Yeye na wale wengine wa kule juu. Ile asubuhi."

Alivaa kiatu, akaanza kupanda. Mlima ule ni mkali, na alipanda polepole, huku mimi nikimfuata nyuma nikitazama visigino vyake.

"Inaweza shika watu wangapi?" akauliza bila kugeuka.

"Watano," nikamwambia.

"Ah. Basi ilikuwa imejaa." Nilimsikia akivuta pumzi, na mabega yake yakashuka kidogo, kama mtu aliyepata kuelewa jambo lililokuwa likimsumbua. "Basi si makosa yako, baba."

Inashika nane.